Nani Alimrudisha Dereva wa Zamani? Kisa cha Fomu Iliyohifadhi Hata Kisichoguswa

Kampuni ni ya malori, na jina lake sitalitaja. Ina meza tatu za kazi: Mombasa bandarini, Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, na Kampala penye ghala na ofisi ya malipo. Meza zote zinatumia mfumo mmoja wa wavuti, na ndani yake kila safari ina fomu moja ndefu: namba ya lori na tela, kontena, sili (lakiri ya mlango wa kontena), uzito, dereva, simu yake, leseni, hati za forodha, muda wa kufika Malaba, muda wa kutoka, posho ya njia, hali ya safari, na nafasi kubwa ya maelezo chini kabisa. Mombasa huifungua lori linapopakia, Malaba huiendeleza, Kampala huifunga mzigo ukishashushwa. Kwa hiyo kwa siku tatu au nne fomu moja inapitia mikono ya watu wengi, na mara nyingi zaidi ya mmoja wanaitazama kwa wakati mmoja.

Siku ya tukio, karani wa Malaba aliifungua mnamo saa mbili na nusu asubuhi, lori likiwa bado kwenye foleni. Hakuandika kitu. Aliiacha wazi kati ya vichupo vyake vingi, kama anavyofanya kwa kila lori analolisubiri, maana mtandao ukilemea kufungua ukurasa upya ni kazi ya kunywea chai. Saa nne dereva alishikwa na homa, akapimwa, akakutwa na malaria, akapelekwa hospitali Tororo. Msimamizi wa malori Kampala akampa safari dereva mwingine aliyekuwa palepale Malaba akisubiri mzigo. Akaingia kwenye mfumo, akabadilisha jina, simu na leseni. Mfumo ukamjibu kwa maandishi ya kijani: imehifadhiwa. Na kweli ilihifadhiwa.

Saa nane mchana lori likaruhusiwa. Karani wa Malaba akarudi kwenye kichupo chake cha asubuhi, akajaza muda wa kutoka, akageuza hali kuwa "Imetoka mpakani", akabonyeza Hifadhi. Kijani tena.

Jioni mhasibu alituma posho ya njia kwa pesa ya simu, shilingi 350,000 za Uganda, kwenye namba aliyoiona kwenye fomu. Ilikuwa namba ya mgonjwa. Alfajiri lori lilipofika getini Kampala, mlinzi alikuwa na karatasi yenye jina la dereva mmoja na mbele yake amesimama mwingine. Akakataa kufungua, na alikuwa na haki ya kukataa. Yule mzee wa Tororo alipopigiwa simu kuulizwa habari za pesa alijibu bila kujificha: "Mimi nilidhani bosi amenikumbuka na dawa."

Lawama zikaanza kuzunguka. Msimamizi aliapa kwamba alibadilisha jina kwa mkono wake. Mhasibu akasema yeye hulipa kilichoandikwa, habuni namba. Karani wa Malaba akamwambia mhasibu kwenye simu, mbele ya wenzake: "Mama, jina la dereva sijaligusa hata kwa bahati mbaya. Nilijaza saa na hali, basi." Lakini kumbukumbu pekee ya mfumo ilikuwa safu mbili, aliyehariri mwisho na saa ya kuhariri, na zote zilimwelekeza yeye. Akaandikiwa barua ya kujieleza. Nyuma ya barua hiyo kulikuwa na shaka isiyosemwa wazi: kwamba yeye na mzee wa Tororo wamegawana posho.

Hapo ndipo nilipoitwa, na swali nililopewa lilikuwa fupi: nani alimrudisha dereva wa zamani?

Mfumo haukuwa na daftari la mabadiliko, ila hifadhidata yake ni MySQL toleo la 8.0, na toleo hilo huweka lenyewe kumbukumbu ya kila badiliko, kwa ajili ya nakala na urejeshaji, hata kama hakuna aliyeliomba. Kwa mipangilio ya kawaida kila mstari unaobadilishwa huandikwa mara mbili, ulivyokuwa kabla na ulivyo baada, na kumbukumbu hizo hukaa siku 30 kabla ya kufutwa. Ukizifungua kwa chombo kiitwacho mysqlbinlog zinasomeka, ingawa safu zinaonyeshwa kwa namba, @1, @2, @3, bila majina, na unabaki kuhesabu kwa kidole kwenye orodha ya safu za jedwali. Saa ya seva ilikuwa UTC, yaani saa tatu nyuma ya Kampala. Ninaitaja kwa sababu mtu wa kwanza kutazama alitafuta tukio la saa nane mchana penye 14:00, akakuta patupu, akasema kumbukumbu hazina kitu.

Penye 11:07 tukio lilikuwapo. Mstari wa safari ile, kabla: dereva mpya, simu mpya, leseni mpya, muda wa kutoka mtupu. Baada: muda wa kutoka umejaa, hali imegeuka, na dereva, simu na leseni vimerudi vya asubuhi. Badiliko moja, kutoka akaunti ya karani wa Malaba, kwa mbonyezo mmoja. Kwa hiyo kompyuta yake ndiyo iliyomrudisha dereva, na yeye alisema kweli kwamba hakumgusa. Barua ya kujieleza iliondolewa wiki hiyohiyo, na meneja aliiondoa mwenyewe bila kuombwa.

Chanzo ni tabia ya fomu za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tangu zamani: ukibonyeza kutuma, kivinjari hutuma kila sehemu yenye jina, iliyoguswa na isiyoguswa. Ukurasa wa karani ulibeba picha ya safari ilivyokuwa saa mbili na nusu. Saa nane aliongeza vitu viwili juu ya picha hiyo, kisha picha nzima ikapelekwa seva kana kwamba yote ni maneno yake. Kwenye daftari la zamani la getini, kuandika saa ya kutoka hakukufuta jina la dereva lililo safu ya pili. Fomu ilifanya hivyo, na ikashukuru kwa kijani.

Sasa sehemu ninayoiona ndiyo kiini cha kisa. Kijana aliyeujenga mfumo alipoelezwa alikataa, na hakuwa akijitetea ovyo. Alisema: "Kaka, mfumo wetu tayari unahifadhi vilivyobadilika tu. Umejengwa kwa Laravel, na Laravel haiandiki safu ambazo hazijabadilika." Ni kweli. Laravel ni zana ya kujengea mifumo ya wavuti, na Eloquent, sehemu yake inayoongea na hifadhidata, hulinganisha thamani mpya na zile ilizozisoma, kisha huandika zilizotofautiana peke yake. Rails, zana nyingine ya aina hiyo, hufanya vivyo hivyo tangu toleo la 2.1 la mwaka 2008. Swali la kumuuliza ni moja: zimetofautiana na nini?

Ombi la karani lilipofika seva saa nane, msimbo ulisoma mstari wa safari wakati uleule, ukiwa na dereva mpya. Ukaweka juu yake yale yaliyotoka kwenye fomu, yenye dereva wa zamani. Ukalinganisha. Dereva anatofautiana! Simu inatofautiana! Basi vimebadilika, viandikwe. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilipimwa kutoka mahali pasipo sahihi. Ililinganisha alichotuma mtu na kilichopo sasa, wakati kilichotakiwa ni kulinganisha alichotuma na alichokiona alipofungua ukurasa. Kati ya hivyo viwili kuna saa tano na nusu na kazi ya mtu mwingine.

Thamani ziko tatu, na ukizichanganya zikawa mbili umepotea: iliyoonekana, iliyoandikwa, na iliyopo. Kama iliyoandikwa ni sawa na iliyoonekana, mtu huyu hana neno juu ya sehemu hiyo, na iliyopo ikae ilivyo. Kama ameibadilisha, na iliyopo bado ni ileile aliyoiona, andika. Kama ameibadilisha na mwenzake naye ameibadilisha, hapo pana mgongano, isipokuwa wote wawili wameandika kitu kimoja. Kigezo chote ni hicho.

Django, zana ya aina hiyo kwa lugha ya Python, nayo ina mtego huu: orodha yake ya sehemu zilizobadilika, kwenye fomu iliyofungwa na jedwali, hupimwa kwa kawaida na mstari uliosomwa wakati wa kupokea. Kuna chaguo la show_hidden_initial linaloficha thamani ya awali ndani ya ukurasa, na hilo ndilo linalorudisha kipimo mahali pake. Hata hivyo save(), agizo lake la kuhifadhi, bado huandika safu zote, usipoitajia zipi kwa update_fields, iliyokuja na toleo la 1.5 mwaka 2013.

Kabla ya kuchagua tiba tulijadili nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa kufuli: mmoja akifungua fomu, wengine waione bila kuweza kuhariri. Meneja aliipenda kwa sababu inaeleweka haraka. Mimi niliipinga kwa sababu ya Malaba. Karani anafungua fomu kumi za malori kumi asubuhi na kuziacha wazi. Kwa kufuli, Kampala ingekuwa imefungiwa nje ya malori yake kumi mpaka mchana, pamoja na siku umeme unapokatika na kompyuta inazimika ikiwa imeshika ufunguo. Unaweza kuweka muda wa kufuli kuisha, lakini ukiwa mfupi unarudi kwenye tatizo la kwanza, ukiwa mrefu unawafungia watu.

Ya pili ilikuwa namba ya toleo kwa mstari mzima. Kila uhifadhi unaongeza namba kwa moja. Ukija na namba ya zamani unakataliwa. Kwenye HTTP, lugha ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, jambo hili lina adabu zake: seva inatoa ETag, alama ya toleo, kivinjari kinairudisha kwenye kichwa cha ombi kiitwacho If-Match, na ikiwa imepitwa seva inajibu 412, yaani sharti halikutimia. Ni njia safi na ningeitumia bila kusita kwenye hati inayohaririwa na watu wawili kwa mwezi. Kwa safari ya lori haifai. Meza tatu zinaandika sehemu tofauti za mstari uleule mchana kutwa, kwa hiyo kukataliwa kungekuwa jambo la kila saa, na karibu kila mara bila mgongano wowote wa kweli. Mtu akikataliwa mara nne kwa siku bila sababu anayoiona, ataomba kitufe cha "Hifadhi kwa nguvu", na akishakipata atakibonyeza kila mara.

Tukabaki na njia ya tatu: kutuma sehemu zilizobadilika tu, kila moja ikiwa na thamani yake ya zamani na mpya.

Upande wa kivinjari ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Huhitaji maktaba wala kunakili fomu nzima ukurasa unapofunguka, kwa kuwa HTML yenyewe inakumbuka. Kila sehemu ya maandishi ina value, iliyopo sasa, na defaultValue, iliyoletwa na seva. Kisanduku cha tiki kina checked na defaultChecked. Kila chaguo la orodha lina selected na defaultSelected. Msimbo wetu ulianza hivi:

```
function imebadilika(s) {
  if (s.type === 'checkbox' || s.type === 'radio')
    return s.checked !== s.defaultChecked;
  if (s.tagName === 'SELECT')
    return [...s.options].some(c => c.selected !== c.defaultSelected);
  return s.value !== s.defaultValue;
}
```

Ulinganishaji unafanyika wakati wa kutuma. Wapo wanaotegemea tukio la change na kuiwekea alama kila sehemu iliyoguswa, lakini mtu anayeandika jina, akajirudi na kulirudisha lilivyokuwa, hajabadilisha kitu. Alama ile itadai amebadilisha.

Mistari hiyo michache ilikuwa na mashimo, na tuliyaona moja baada ya jingine. Orodha ya kuchagua isiyo na chaguo lililotajwa na seva: kivinjari huchagua la kwanza chenyewe, kwa hiyo selected ni kweli na defaultSelected si kweli, na sehemu ambayo hakuna aliyeiangalia inatangazwa kuwa imebadilika. Dawa ni seva kutaja chaguo kila mara, hata kama ni mstari mtupu wa "Chagua". Uzito nao uliletwa kama 26500, kisha msimbo wa kupendezesha ukurasa ukaugeuza kuwa 26,500, na kila safari ikaonekana imepimwa upya. Namba za simu zilikuja kwa sura mbili, zinazoanza na 0 na zinazoanza na +256, simu ileile. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba kwa kanuni ya ISO 6346, lakini Mombasa huiandika kwa nafasi katikati na Malaba huibana. Maelezo ya mistari mingi husomwa na msimbo wa ukurasa yakiwa na alama moja ya mwisho wa mstari, ila fomu ikitumwa kwa njia ya kawaida kivinjari huweka mbili, na ukilinganisha na hifadhidata utaona badiliko pasipo na badiliko.

Haya yote yana tiba moja: kila aina ya sehemu iwe na kanuni ya kusafisha, itumike ileile kivinjarini na kwenye seva, na ulinganishaji ufanywe baada ya kusafisha. Kazi hii inachosha na haina sifa, nayo ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko msimbo wote uliobaki.

Kisanduku cha tiki kinastahili kusimamiwa kidogo. Kisichotikiwa hakitumwi kabisa kwenye fomu ya kawaida. Mfumo wa zamani ulisoma hivi: kama hakikuja, basi hapana. Sasa ukianza kutuma zilizobadilika tu, kutokuja kuna maana mbili: ameondoa tiki, au hajagusa. Kwenye fomu yetu kisanduku hicho kilikuwa "Mzigo wa hatari". Lori la kemikali ambalo hakuna aliyegusa tiki yake lingehifadhiwa kama lori la sabuni kwa sababu tu karani alijaza saa ya kufika. Kuna ujanja unaopendwa, wa kuzima sehemu zisizobadilika kabla ya kutuma kwa kuwa zilizozimwa hazitumwi. Kwa maandishi unafanya kazi, kwa tiki unaleta balaa hilohilo. Tuliacha fomu ya kawaida tukatuma JSON (muundo wa kuandika data kama maandishi) inayotaja kila sehemu kwa jina, na thamani ya ndiyo au hapana imeandikwa wazi.

Muundo wa JSON hiyo tuliujadili pia. Njia ya HTTP ya kubadilisha sehemu ya kitu ni PATCH, iliyowekwa rasmi mwaka 2010. Kuna miundo miwili inayojulikana ya kuijaza. Mmoja, wa RFC 7396 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), hutaja thamani mpya tu, na null humaanisha futa. Ni mwepisi, lakini haubebi thamani ya zamani, na bila hiyo seva haiwezi kujua mtu aliona nini. Mwingine, wa RFC 6902, una kitendo cha test kinachosema "endelea ikiwa hapa pana kitu hiki". Hicho ndicho tulichohitaji, ila muundo mzima ulikuwa mzito kwa fomu yetu bapa, tukachukua wazo tukaacha nguo.

Kwenye hifadhidata sharti linaingia ndani ya agizo lenyewe, ili mtu wa tatu asipate upenyo kati ya kusoma na kuandika:

```
UPDATE safari SET muda_wa_kutoka = ?
WHERE id = ? AND muda_wa_kutoka <=> ?
```

Alama ya kuuliza ya mwisho ni thamani aliyoiona mtu. Alama <=> ni ya MySQL, inayokubali kulinganisha NULL na NULL; ukitumia = ya kawaida, sehemu tupu haitalingana na chochote, hata na utupu wenzake, na karani hataweza kujaza muda wa kutoka kamwe. Jambo jingine la MySQL: idadi ya mistari inayorudishwa kwa kawaida ni iliyobadilika kweli, si iliyolingana na sharti. Jibu la sifuri linaweza kuwa mgongano, au likawa kwamba kilichopo ni kilekile unachokiandika. Soma tena kabla ya kumtisha mtu.

Mpaka hapa kisa cha dereva kimepona. Lakini kuhifadhi kilichobadilika peke yake kuna ugonjwa wake, na ukisahau huu utatengeneza kosa baya kuliko la kwanza. Chukulia msimamizi wa Kampala amebadilisha jina la dereva na kusahau simu. Wakati huohuo karani wa Malaba, anayemjua dereva wa zamani, amesahihisha tarakimu moja ya simu yake. Kila mmoja kagusa sehemu yake. Hakuna mgongano. Mfumo unakubali wote wawili, na sasa fomu ina jina la mtu mmoja na simu ya mwingine, mchanganyiko ambao hakuna binadamu aliyeuandika wala kuuona. Fomu ya zamani ilifuta kazi ya watu, lakini walau kila ilichohifadhi kilikuwa kimewahi kuonekana kizima machoni pa mtu.

Kwa hiyo tuliacha kuhesabu sehemu moja moja tukaanza kuhesabu mafungu. Dereva, simu na leseni ni fungu moja. Kontena na sili ni fungu. Uzito na mahali ulipopimwa ni fungu, kwa sababu uzito wa Malaba na uzito wa mizani ya Magamaga, ndani ya Uganda, si habari moja. Ukigusa sehemu yoyote ya fungu, thamani ulizoziona za fungu zima zinatumwa, na sharti linapimwa kwa zote. Kuamua mafungu si kazi ya mtengeneza programu. Nilikaa na karani wa Malaba, yuleyule wa barua, na ndiye aliyesema sili iende na kontena na si na hati za forodha nilikokuwa nimeiweka.

Mgongano ukitokea, mtu anaonyeshwa mistari mitatu: ulipofungua palikuwa na hiki, sasa kuna hiki kilichowekwa na meza fulani saa fulani, wewe umeandika hiki. Anachagua kimoja au anapiga simu. Mafungu mengine aliyoyajaza yanahifadhiwa hapohapo bila kusubiri. Kijana aliyeujenga mfumo alitaka yote au hakuna, na hoja yake ina heshima kwenye benki. Hapa lori limeshatoka mpakani, na ukweli huo haupaswi kuzuiwa na ubishi wa nani anaendesha.

Seva haimwamini mtu kwa kuwa kivinjari kimesema sehemu fulani imebadilika. Kila meza ina orodha ya sehemu inazoruhusiwa kuandika, na jina lolote nje ya orodha linatupwa. Mlango huu unajulikana: Machi 2012 mtu mmoja aliutumia kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo ya programu, kwa kuongeza sehemu ambayo fomu haikukusudia ipokelewe, akajipa ruhusa kwenye mradi wa Rails. Kwa mfumo unaobeba posho, sehemu ya posho ni ya mhasibu peke yake.

Meneja alifurahi akidhani bando la intaneti litapungua. Litapungua kidogo sana; maandishi ya fomu hii yote hayafiki uzito wa nembo ya kampuni iliyo juu ya ukurasa. Faida aliyoipata bila kuiomba ni daftari la mabadiliko: nani, saa ngapi, fungu gani, kutoka nini kwenda nini. Zamani hata wangeliweka lingejaa takataka za sehemu zilizojirudia. Lakini daftari hilo lina majina, simu na leseni za madereva, na Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu mwaka 2019, hivyo limewekewa muda wa kufutwa na si kila karani anayelifungua.

Yalibaki mambo mawili yaliyokuwa nje ya fomu. Nafasi ya maelezo haikukubali tiba yoyote, kwa sababu kila mtu huandika chini ya maneno ya mwenzake na kila kuandika ni kubadilisha yote. Tuliivunja ikawa maandishi tofauti tofauti, kila moja na jina na saa yake, yasiyohaririwa. Na kulikuwa na faili la jedwali kutoka Mombasa linaloingizwa kila usiku, ambalo liliandika mstari mzima bila kupitia fomu hata kidogo; lingeweza kumrudisha dereva usiku wa manane bila mtu kuketi mbele ya kompyuta. Sasa linaandika safu nne zilizo za Mombasa: kontena, sili, uzito na tarehe ya kupakia. Likikuta sili imeshabadilishwa Malaba, kwa mfano baada ya ukaguzi wa forodha kukata ya zamani, haliigusi. Linaiweka kwenye orodha ya asubuhi ya karani wa Mombasa, aipigie simu Malaba.